Andalio la Somo la Mlima Everest

Kitabu cha safari ya mlimani hupimwa kwa kurasa zake za mwanzo. Kileleni kwenyewe hakuna mengi ya kusimulia: kuna upepo, kuna theluji, kuna watu wawili waliochoka, mmoja akimpiga picha mwenzake, kisha wanateremka. Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika juu ya Mlima Everest saa tano na nusu asubuhi, tarehe 29 Mei, 1953, wakakaa huko dakika kumi na tano tu. Lakini dakika hizo kumi na tano zilitanguliwa na miezi mingi ya kuhesabu, kufunga mizigo, kupima mavazi, kubeba, kurudi na kubeba tena. Mwandishi anayeyaruka hayo yote ili atufikishe upesi kileleni anatudanganya, hata kama kila neno aliloliandika ni kweli.

Kwa sababu hiyo napenda kuzungumza na msomaji juu ya kitabu cha John Hunt kiitwacho The Ascent of Everest, kilichotoka mwaka huo huo wa 1953. Hunt alikuwa kanali wa jeshi la Uingereza na ndiye aliyeuongoza msafara. Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa mwanachuo wa ualimu, mapema miaka ya sabini, na kama vijana wengi nilikimbilia sura ya kilele. Sasa ni mstaafu, na nimepata nafasi ya kukisoma kama kinavyostahili kusomwa, polepole, pamoja na viambatisho vyake vyote. Navitaja viambatisho kwa makusudi, maana huko mwisho wa kitabu kumewekwa jambo kubwa, nami nitalirudia.

Walimu wenzangu watanielewa mara moja nikisema kwamba kitabu hiki ni andalio la somo. Kwa wasio walimu, nieleze kidogo. Mwanachuo wa ualimu kabla hajaruhusiwa kusimama mbele ya watoto hutakiwa awe na karatasi mbili. Ya kwanza ni azimio la kazi, linaloonyesha muhula mzima. Ya pili ni andalio la somo, linaloonyesha kipindi kimoja tu: lengo ni lipi, zana ni zipi, mwalimu atafanya nini, wanafunzi watafanya nini, na mwisho ni tathmini. Wakufunzi wetu waliyasahihisha maandalio kwa wino mwekundu hata kabla hawajatusikia tukifungua mdomo. Wengi tuliona ni usumbufu. Nami baada ya miaka mingi ya kukagua maandalio ya wengine nasema hivi: somo zuri lisiloandaliwa nimeliona mara chache sana, na mwalimu mwenyewe hakuweza kulirudia.

Tumtazame basi Hunt kama mkufunzi angemtazama. Anaanza kwa kuligawa tatizo katika sehemu tatu: urefu wa mlima, hali ya hewa, na ugumu wa njia yenyewe. Huo ni mwanzo mzuri. Watu wengi waliotangulia kuandika juu ya Everest waliufanya mlima kuwa adui au mungu. Hunt anaufanya kuwa swali, na swali huweza kujibiwa.

Msomaji wa kwetu anaweza kuuelewa ukubwa wa swali hilo kwa kipimo cha Kilimanjaro. Kila mtoto wa shule anajua kwamba Kibo kina mita 5,895 na kwamba hakuna mahali pa juu zaidi katika Afrika. Kambi kubwa ya mwisho ya msafara wa 1953, katika bonde la upepo liitwalo South Col, ilikuwa kwenye mita 7,900 hivi. Yaani watu hawa waliweka mahema yao mita elfu mbili juu ya kilele cha Kilimanjaro, na bado walibakiwa na karibu kilometa nzima ya kwenda juu. Kilele cha Everest, ambacho kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020 kina mita 8,848.86, kina mgandamizo wa hewa unaofikia theluthi moja tu ya ule wa pwani. Mtu wa Tanga akichukuliwa leo na kuwekwa pale ghafla, atapoteza fahamu baada ya dakika chache. Nguvu na ushujaa havitamsaidia. Kinachotakiwa ni mwili uliofundishwa, na mwili, kama mtoto, haufundishwi kwa siku moja.

Sasa tazama azimio lake la kazi. Hunt analianzia kileleni na kurudi nyuma. Ili watu wawili wafike juu, sharti kuwe na hema dogo karibu na kilele. Ili wawili hao walale katika hema hilo, sharti wengine wawapelekee hema, chakula, mafuta ya jiko na mitungi ya oksijeni. Ili wapelekaji hao wafike South Col wakiwa na nguvu, sharti wengine zaidi wawe wamekwisha kupanda na kushuka mara nyingi katika maporomoko ya barafu ya Khumbu na bonde lililo juu yake. Hivyo hivyo hesabu inateremka, na kila ngazi inadai watu wengi kuliko ile iliyo juu yake, mpaka inafika kwenye masanduku yanayopigiwa misumari London. Mpango huu Hunt aliuandika Novemba 1952. Desemba wakaenda kuvijaribu vifaa katika theluji ya Jungfraujoch, Uswisi. Februari 1953 mizigo ikapakiwa melini kwenda India. Machi wakaondoka Kathmandu kwa miguu na wapagazi zaidi ya mia tatu.

Walipofika Thyangboche, penye nyumba ya watawa wa Kibuddha, hawakuukimbilia mlima. Walitumia karibu majuma matatu kupanda vilima vya jirani na kushuka, kulala juu na kurudi chini, ili damu na mapafu vizoee hewa hafifu. Waongozaji wetu wa Kilimanjaro wana neno moja kwa jambo hilo, nalo ni "polepole", na wageni hulijua kabla hawajajifunza neno lingine lolote la Kiswahili. Kwa msomaji mwenye haraka, majuma hayo matatu yanachosha. Hunt hakuyafupisha. Anajua yanachosha, na anatuacha tuchoke kidogo ili tujue bei ya kitu. Hii ni sifa ya kwanza ya kitabu chake.

Sifa ya pili ni kwamba mkubwa wa msafara anabeba mzigo. Tarehe 26 Mei, Hunt, mtu mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, alitoka South Col pamoja na Msherpa aitwaye Da Namgyal. Walipanda wakiwa taabani kupita mita 8,300, wakaacha hapo mizigo ya hema, chakula na oksijeni, wakarudi. Hawakuwa wakienda kileleni. Walikuwa wakipeleka zana za kipindi ambacho kingefundishwa na wengine. Siku hiyo hiyo Tom Bourdillon na Charles Evans walifika Kilele cha Kusini, mita mia moja hivi chini ya kilele chenyewe, wakapima oksijeni na saa zilizobaki, wakageuka. Siku mbili baadaye George Lowe, Alfred Gregory na Ang Nyima walipanda na Hillary na Tenzing, wakaiokota ile mizigo ya Hunt na Da Namgyal, wakaisogeza hadi mita 8,500, kisha wakawaaga wenzao na kushuka. Hata mitungi miwili ya oksijeni ambayo Evans na Bourdillon waliiacha njiani ikiwa na hewa kidogo, ndiyo iliyowasaidia washindi wakati wa kurudi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika kurasa hizi unakiona kibaba kikijaa, na unamwona kila mmoja aliyetia punje yake.

Sifa ya tatu, ambayo wahakiki wachache huitaja, ni kwamba Hunt hakuisimulia siku ya kilele. Sura hiyo, ambayo ni ya kumi na sita, alimwachia Hillary aiandike. Hunt hakuwako, basi hakujifanya alikuwako. Na jambo la kupendeza ni kwamba hata katika sura ya Hillary matayarisho hayajaisha. Usiku ule walikula samaki wa kopo juu ya biskuti, wakala tende, wakanywa maji mengi ya ndimu yenye sukari. Asubuhi Hillary akakuta viatu vyake vimeganda kama mawe, akalazimika kuvipasha moto juu ya jiko kwa karibu saa mbili. Safari ya mtu wa kwanza duniani kwenda juu ya dunia ilichelewa kwa sababu ya viatu. Mtungaji wa riwaya asingethubutu kubuni hivyo.

Nimekisifu kitabu kadiri kinavyostahili. Sasa niseme mahali ambapo mkufunzi wangu wa zamani angechukua kalamu yake nyekundu.

Kosa la kwanza ni la mpangilio. Mwaka 1952 Waswisi walikuwa wamekaribia sana kuupanda mlima huo kwa njia hiyo hiyo. Raymond Lambert na Tenzing walilala kwenye mita 8,400 bila mifuko ya kulalia wala jiko, wakiyeyusha theluji kidogo kwa mshumaa ili wapate tone la kunywa. Kesho yake walifika kwenye mita 8,600 hivi, wakashindwa kuendelea. Hawakukosa moyo. Walikosa maji na hewa. Mtaalamu wa mwili, Griffith Pugh, aliyekwenda na Waingereza kwenye mlima wa Cho Oyu mwaka huo wa 1952, alikuwa amepima mambo hayo kwa vyombo: mtu anahitaji oksijeni kiasi gani kwa dakika, anywe maji kiasi gani kwa siku, ale nini, avae nini. Msafara wa 1953 ulifuata ushauri wake. Yale maji ya ndimu ya usiku wa mwisho ni kazi ya Pugh.

Lakini katika kitabu cha Hunt elimu hiyo imepelekwa mwisho, kwenye viambatisho, pamoja na orodha za vifaa na vyakula. Katika habari yenyewe, ushindi unaonekana zaidi kuwa tunda la uongozi mwema na umoja wa kundi. Mwaka 2013 binti yake Pugh, Harriet Tuckey, alitoa kitabu juu ya baba yake, akilalamika kwamba mchango wake ulifunikwa. Mtu anaweza kusema binti humpendelea baba, na ni kweli inafaa kusoma kwa uangalifu. Hata hivyo hoja yake inasimama, kwa kuwa ushahidi umo ndani ya kitabu cha Hunt chenyewe: hesabu ya majina na mahali pake. Kinachowekwa katika sura tunakikumbuka. Kinachowekwa katika kiambatisho tunakiruka. Mwandishi akipanga kitabu, anapanga pia heshima.

Kosa la pili ni zito zaidi. Andalio la Hunt linajua kila kitu kuhusu mizigo, lakini linajua kidogo kuhusu wanaoibeba. Nisimwonee. Alimfanya Tenzing kuwa mmoja wa wapandaji kamili, anawasifu Washerpa mara nyingi, na amekumbuka kuandika kwamba Annullu alifika South Col pamoja na Wilfrid Noyce kabla ya wengine wa msafara. Ila mara nyingi wapagazi wanaingia katika kitabu kama namba, na wanatoka kama namba. Wanakuja mia tatu, wanaweka chini, wanalipwa, wanakwenda zao.

Ili kuliona pengo hilo inatakiwa kukisoma kitabu cha Tenzing, Man of Everest, kilichotoka mwaka 1955. Tenzing hakujua kusoma wala kuandika, na maneno yake yaliandikwa na Mmarekani James Ramsey Ullman, kwa hiyo sauti tunayoisikia imepita katika mikono ya mtu mwingine. Hata hivyo ni sauti. Inatueleza kwamba msafara ulipokuwa Kathmandu, Waingereza walilala ndani ya nyumba za ubalozi, na Washerpa wakapewa gereji iliyokuwa zamani banda la farasi, isiyokuwa na choo. Asubuhi Washerpa walitoka wakajisaidia haja ndogo barabarani mbele ya ubalozi ili waeleweke. Hilo nalo ni jambo la matayarisho. Watu wanaotazamiwa kukuokoa katika barafu, utawalaza wapi usiku wa kwanza?

Na tena kitabu cha Tenzing kina habari ya viatu. Anasema kwamba usiku ule wa mwisho yeye hakuvivua. Alilala navyo, kwa kuwa alikuwa amejifunza kwa miaka mingi kwamba kule juu ni afadhali kuvaa. Zisome kurasa hizi mbili pamoja, ya Hillary na ya Tenzing, na utaona kitu ambacho hakimo katika majedwali yote ya Hunt. Azimio la Hunt lilianza mwaka 1952. Azimio la Tenzing lilianza 1935, alipopanda kwenda Everest mara ya kwanza akiwa mpagazi wa mzigo. Mwaka 1953 ilikuwa safari yake ya saba kwenye mlima huo. Hakuna mtu katika msafara aliyekuwa amejitayarisha muda mrefu kama yeye, lakini matayarisho yake hayakuandikwa kwenye karatasi, basi hayakuhesabiwa kuwa matayarisho. Hunt na Hillary walipewa na Malkia cheo cha kuitwa Sir. Tenzing alipewa Medali ya George.

Jambo hili halikuanzia Everest. Sisi tunao mfano wake nyumbani. Hans Meyer alijaribu kupanda Kibo mwaka 1887, akashindwa. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, na safari hiyo alifaulu kwa sababu ya mpango wa chakula: kambi Marangu, kambi nyingine juu ya msitu, na wapagazi wa kupandisha chakula kila baada ya siku chache ili wao wawili wasilazimike kushuka. Walisimama juu tarehe 6 Oktoba. Meyer alimtaja kwa jina Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa nao katika kambi ya juu penye baridi kali. Jina hilo limo kitabuni zaidi ya miaka mia moja. Ni shule ngapi hapa nchini zinazolifundisha?

Huenda msomaji akauliza: yana faida gani haya leo, wakati wahusika karibu wote wamekwisha kufariki? Faida ipo. Tarehe 18 Aprili, 2014, barafu iliporomoka katika njia ile ile ya Khumbu na kuwaua Wanepali kumi na sita. Hawakuwa wakienda kileleni. Walikuwa wakitayarisha njia na kupandisha mizigo ya wageni ambao wakati huo walikuwa chini, wakisubiri zamu yao. Ukikipenda kitabu kinachofanya matayarisho yaonekane ni kazi ya vichwa peke yake, hutashangaa wala kuuliza unaposikia habari kama hiyo. Utasema ni ajali ya mlima. Kumbe ni hatari iliyogawanywa: mzigo na njia mbaya kwa huyu, picha ya kileleni kwa yule. Nasi tulio na wapagazi wetu, ambao vijana wa Moshi na Marangu huwaita "wagumu", hatuna ruhusa ya kulitazama jambo hili kana kwamba ni la Nepal tu.

Vilevile ni jambo la shule. Katika ofisi za walimu wakuu wengi utaona ubao wa majina ya wanafunzi waliofaulu kwenda mbele. Ni desturi njema, watoto huhitaji kuona kwamba inawezekana. Lakini sijaona bado ubao wenye jina la mwalimu wa darasa la kwanza aliyemfundisha mtoto huyo kushika kalamu, wala la mpishi aliyewasha moto alfajiri siku za mtihani. Kitabu cha Hunt ni kizuri kuliko ubao huo, kwa kuwa angalau kinatuonyesha ngazi. Upungufu wake ni kwamba kadiri ngazi zinavyoteremka, ndivyo nyuso zinavyofifia.

Mwalimu kijana atakayekipata kitabu hiki katika maktaba yoyote asiache kukitumia. Namshauri asianze na kilele. Aanze na viambatisho, hasa vya chakula na afya. Kisha asome kurasa za Tenzing juu ya Kathmandu na juu ya usiku wa mwisho. Halafu arudi kwa Hunt na kumsoma toka mwanzo bila kuruka. Darasani awape wanafunzi hesabu moja tu. Aandike ubaoni: watu wawili kileleni. Kisha awaulize nani aliwapelekea hema, na huyo nani alimpelekea chakula, na huyo naye alibebewa na nani. Waendelee kuteremka mpaka wamfikie mtu wa kijijini aliyebeba sanduku siku chache tu akarudi nyumbani kwake. Watoto watataka kujua jina lake. Hapo mwalimu atakuwa amefika kwenye lengo la somo, na kipindi kitakuwa kimekwisha.